Uzi: Queen Ida, dereva wa basi la shule aliyeshika kodiani akaongoza bendi ya zydeco

BintiKodiani (Tanga)

Wanajukwaa, salaam.

Juzi kwenye uzi wa wanamuziki wanawake nilitaja jina la Queen Ida, watu watatu wakaniuliza huyo ni nani. Nikaahidi kumfungulia uzi wake. Leo mvua imenizuia ndani, kodiani nimeifunga kwenye kanga mbili isipate unyevu, basi tukae kitako.

Nitangulize kwa nini ananihusu. Napiga kodiani kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga. Nilianza nikiwa na miaka 41, wanangu wawili wako sekondari. Watu ninaowaheshimu waliniambia lile ni dude la kiume, nishike tari niimbe. Nikaanza kutafuta kama yuko mwanamke popote duniani aliyejitokeza na kodiani ukubwani akaongoza bendi. Ndipo nikamkuta huyu mama, na tangu siku hiyo sijamwacha.

Alizaliwa Januari 15, 1929, mjini Lake Charles, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Jina lake Ida Lewis. Guillory ni jina la ukoo wa mumewe. Kwao walilima mpunga. Walikuwa Wakrioli weusi, yaani uzao wa Waafrika waliochanganyika na Wafaransa na wengine, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kifaransa. Mama yake alipiga kodiani, na ndiye aliyemfundisha. Naomba hilo mlishike. Wengi wanaosimulia habari za Queen Ida wanaanzia kwenye taji lake, mimi naanzia kwa mama yake.

Enzi hizo muziki wa ngoma wa Wakrioli, ule uliokuja kuzaa zydeco, uliitwa la-la. Jumamosi familia moja inajitolea nyumba, vitanda na meza vinatolewa uani, chungu cha gumbo, mchuzi mzito wa bamia, kinabandikwa, kodiani inaanza. Majirani wanaofika wametoka shambani wiki nzima. Hapakuwa na jukwaa. Mpigaji anakaa kwenye kiti pembeni na watu wanazunguka mbele ya magoti yake. Ndiyo maana muziki wa Queen Ida mpaka mwisho ulibaki muziki wa kuchezwa. Ukiusikiliza umekaa, umeusikia nusu.

Ida alipokuwa na miaka kumi hivi, familia ilihamia Beaumont, Texas. Mwaka 1947 wakavuka nchi mpaka San Francisco. Njia hiyo ilikuwa imeshapigwa na maelfu ya watu weusi wa Louisiana na Texas. Wakati wa vita vya pili viwanda vya meli vya Ghuba ya San Francisco, hasa Richmond, vilikuwa vinatafuta mafundi usiku na mchana, na nyuma yao walikuwa wanakimbia sheria za ubaguzi za kusini. Waliondoka na nguo, mapishi, na kodiani.

Akaolewa na Ray Guillory, akazaa, akalea. Watoto walipoanza shule akapata kazi ya kuendesha basi la wanafunzi, kazi ya saa chache kwa siku. Kodiani alikuwa anaipiga nyumbani na kwenye shughuli za ndugu na marafiki, basi. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemtangaza. Hivyo ndivyo ilivyopita miaka zaidi ya ishirini na mitano tangu wafike California.

Naenda kuepua chakula, nitarudi na sehemu ya bendi.

KibeMwomboko (Murang'a)

Dada, niko hapa na chai yangu, endelea tu.

Hiyo ya kodiani na watu wa shamba imenigusa. Sisi Wakikuyu tuna mwomboko. Kodiani tunaiita kinanda, na kando yake mtu anashika karing'aring'a, duara la chuma linalogongwa na kipande kingine cha chuma. Ni hivyo viwili tu na sauti ya mwimbaji, na wazee wanashikana mikono wanatembea hatua mbili, wanainama, wanazunguka. Walzi ililetwa kwetu na wazungu na wanajeshi waliotoka vitani, wazee wakaipindua ikawa yao. Guka, yaani babu yangu, alikuwa akisikia kinanda hata kwa redio ya jirani anasimama. Huko Louisiana nani anashika chuma?

Mwanakwetu_Iringa

Mkuu BintiKodiani, naomba ufafanuzi kabla hujaenda mbali. Naona wengine wanasema Cajun, wengine zydeco. Ni kitu kimoja?

BintiKodiani (Tanga)

Nimerudi. Naanza na Mwanakwetu.

Wakajuni ni uzao wa Wafaransa waliokuwa wanaishi Acadia, kaskazini kabisa, sehemu ambayo leo ni Kanada. Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755, nyumba zao zikachomwa, familia zikapakiwa melini na kutawanywa. Baadhi yao baada ya miaka ya kutangatanga wakafika Louisiana. Wakrioli weusi ni uzao wa Waafrika, watumwa na walio huru, waliochanganyika na Wafaransa, Wahispania na wenyeji wa asili. Makundi yote mawili yalizungumza Kifaransa, yote yalikuwa maskini, na yote yalipenda kodiani. Sheria ya ubaguzi iliwatenga kwenye kumbi, lakini nyimbo zilivuka. Mwaka 1929 Mkrioli mweusi Amédé Ardoin alirekodi sahani akiwa na Mkajuni mweupe, mpiga fidla Dennis McGee. Mpaka leo Wakajuni wanapiga nyimbo za Ardoin.

Kwa sikio: muziki wa Cajun una fidla mbele, kodiani ndogo ya vifungo kumi, na pembetatu ya chuma. Zamani pembetatu hizo zilifuliwa kutoka kwenye meno ya reki za kukusanyia nyasi. Zydeco ni wa Wakrioli, umeingiza bluzi, ngoma, besi na gitaa la umeme, na mdundo wake unasukuma zaidi.

Sasa Kibe, chuma chako. Louisiana wana frottoir. Mwanzo lilikuwa bati la kufulia nguo, unalikwangua kwa vijiko. Mwaka 1946 Clifton Chenier, yule anayeitwa mfalme wa zydeco, alimchorea fundi vyuma Willie Landry umbo la fulana, huko Port Arthur, Texas. Landry akakunja bati lenye migongo, akaliwekea mabega. Mpigaji analivaa kifuani kama fulana kweli, mikono yote miwili inabaki huru, anakwangua kwa vijiko au vifungulio vya chupa. Ni bati lile lile la kuezekea vibanda vyetu, dada na kaka zangu, limefanywa ngoma. Kwenye bendi ya Queen Ida fulana hiyo aliivaa mdogo wake, Wilbert Lewis.

PapaFikiri (Houston)

Jambo wote. Miye natoka Lubumbashi, sasa niko Houston miaka tisa. Nimefurahi sana kuona uzi huu kwa Kiswahili, maana hapa jirani zangu ni Wakrioli na nimecheza zydeco kwenye ukumbi wa kanisa mara nyingi.

Niongeze kitu cha lugha. Neno zydeco linatoka kwenye maharagi. Kuna msemo wao wa zamani, *les haricots sont pas salés*, maharagi hayana chumvi. Maana yake hali ni ngumu, hakuna hata kipande cha nyama ya chumvi cha kutia chunguni. Sisi tuliofundishwa Kifaransa shuleni Kongo tulipigwa rula tusiunganishe *les* na *haricots*, lazima uache nafasi katikati. Wakrioli hawakuacha nafasi. Wakasema "lezariko", na ile "zariko" ikaandikwa zydeco. Kosa ambalo mwalimu wangu angelikata kwa kalamu nyekundu ndilo lililozaa jina la muziki wote.

Na gumbo pia ni yetu. Kwa Kimbundu cha Angola bamia ni *kingombo*. Neno lilivuka na watu waliotekwa, kichwa cha "ki" kikakatika njiani, likabaki gombo, likawa gumbo. Mara ya kwanza kula gumbo hapa nilinyamaza. Utelezi ule wa bamia naujua tangu mtoto.

KibeMwomboko (Murang'a)

PapaFikiri, hiyo ya lugha imenipeleka mbali. Je, shuleni waliruhusiwa kuongea hicho Kifaransa chao? Sisi tulikuwa tunavishwa kibao shingoni ukipatikana unaongea lugha ya mama.

PapaFikiri (Houston)

Hawakuruhusiwa, ndugu. Katiba ya Louisiana ya 1921 iliamuru masomo yawe kwa Kiingereza tu. Watoto walichapwa, wengine walipigishwa magoti. Wazee wa hapa wakikusimulia wanapunguza sauti mpaka leo. Mpaka 1968 ndipo jimbo likaunda baraza la kukiendeleza Kifaransa. Katikati ya hapo kilikaa jikoni, kanisani na kwenye nyimbo.

BintiKodiani (Tanga)

Asante sana Papa. Na huyo Ida alikuwa mtoto wa shule katika miaka hiyo hiyo. Sasa bendi.

Ida alikuwa na mdogo wake mwingine, Al Lewis, ambaye jukwaani alijiita Al Rapone. Al alikuwa mwanamuziki kamili, mpiga gitaa, mtunzi, mtu wa kupanga sauti. Yeye ndiye alikuwa anapiga kwenye ngoma za Wakrioli wa Ghuba ya San Francisco. Wahamiaji wa Louisiana walikuwa Wakatoliki, na kumbi za parokia ndizo zilikuwa nyumba zao za la-la mpya: kiingilio kidogo, chakula kinauzwa, pesa inaenda kanisani, watoto wanakimbia kati ya miguu ya wakubwa. Kidogo kidogo Ida akaanza kupanda kupiga nyimbo mbili tatu.

Mwaka 1975, kwenye sherehe ya Mardi Gras, ile ya kabla ya Kwaresima, walimvisha taji wakamtangaza malkia wa zydeco. Alikuwa na miaka 46. Mwandishi wa gazeti la San Francisco Chronicle akaandika habari zake, na simu zikaanza kulia nyumbani kwa mwanamke ambaye bado alikuwa na zamu ya basi. Fikirieni hilo vizuri. Watu wanataka kukodi bendi ya Queen Ida, na bendi hiyo inabidi ipatikane. Ndugu zake wakajipanga nyuma yake. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Bon Temps Zydeco Band. *Bon temps* ni wakati mzuri, raha.

Mwaka uliofuata, 1976, walipiga kwenye tamasha la Monterey, California, na kampuni ya GNP Crescendo ikatoa sahani yao ya kwanza, *Play the Zydeco*. Toka hapo ni sahani baada ya sahani, na safari baada ya safari, Marekani na Ulaya. Februari 1983 sahani yao iliyoitwa *On Tour* ilipata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, upande wa muziki wa asili. Ilikuwa Grammy ya kwanza kwa bendi ya zydeco. Mwaka uliofuata ndipo Clifton Chenier mwenyewe akapata yake. Queen Ida alikuwa na miaka 54.

Nataka mtazame mkono wake. Chenier alipiga kodiani ya vibao, kama kinanda cha kanisani, ndiyo tunayotumia taarab wengi wetu. Wakajuni wanapiga ya safu moja ya vifungo. Ida alishika ya safu tatu, vifungo 31 upande wa kulia. Kwenye kodiani za aina hiyo kifungo kimoja kina noti mbili: ukivuta mvukuto noti moja, ukisukuma nyingine. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuvuta ovyo, pumzi ya mvukuto ndiyo inayochagua wimbo. Kodiani ya namna hiyo ndiyo wanayotumia Wameksiko wa Texas, na ukisikiliza polka na walzi za Queen Ida unasikia kabisa harufu ya mpakani, ulaini fulani ambao Chenier hana. Nilikaa usiku mmoja na wimbo mmoja tu, nimevaa vipokea sauti, nikihesabu kila anapogeuza mvukuto. Anageuza mwishoni mwa sentensi, kama mwimbaji anayevuta pumzi. Kesho yake nikajaribu hivyo kwenye wimbo wetu wa harusi, na mpiga fidla wetu, mzee asiyesifu mtu, akaniangalia.

Mkongwe_wa_Sahani (Dar)

Dada, nimesoma yote na nakushukuru kwa kazi nzuri. Lakini niruhusu nipinge kidogo. Nimekusanya sahani za muziki wa Louisiana kwa miaka mingi. Mfalme ni Clifton Chenier wa Opelousas. Huyu mama bendi yake ni ya California, kilomita maelfu kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Chenier alipiga kwenye vilabu vya Louisiana na Texas tangu miaka ya hamsini, akala vumbi. Kuna wanaosema Queen Ida alipata Grammy kwanza kwa sababu alikuwa karibu na magazeti na makampuni. Muziki wake ni msafi mno kwangu. Hauna jasho lile.

PapaFikiri (Houston)

Mzee, kwa heshima, mimi naishi Texas na naona mambo tofauti. Wakrioli wa Houston, kule Frenchtown, nao walihama kutoka Louisiana. Zydeco kama tunavyoijua ilipikwa mjini, na wahamiaji, kwa gitaa la umeme na bluzi za mjini. Hata ile fulana ya bati ilifuliwa Port Arthur, kwenye mji wa viwanda vya mafuta. Ukisema aliyehama si mwenyewe, hutabakiwa na mtu.

BintiKodiani (Tanga)

Mkongwe, shikamoo, na nimekusikia. Nitakupa haki yako kwanza. Chenier ndiye aliyeujenga muziki huu ukawa na umbo. Bila yeye hakuna ukumbi wa kumpa mtu taji lolote. Na kweli ukiweka sahani zao pamoja, za Chenier zina uzito wa bluzi ambao Ida hakuutafuta.

Lakini hilo la usafi nalisikia tofauti. Wewe unasikiliza sahani. Ida alikuwa anapiga kwa ajili ya sakafu ya ukumbi wa kanisa, ambapo anacheza bibi wa miaka sabini na mjukuu wake wa saba. Wimbo haukimbii, mdundo hauyumbi, kodiani haifuniki sauti. Kwa mchezaji huo ndio utu. Na alibakiza walzi nyingi na nyimbo za Cajun na la-la za utoto wake, wakati bendi nyingi za zydeco zilikuwa zinahamia kwenye soul, muziki wa mjini wa Wamarekani weusi. Waliohama mara nyingi ndio wanaoshika kitu kama kilivyokuwa siku waliyoondoka. Ulizeni Waswahili wa Muscat ni nani anakumbuka nyimbo za Unguja za zamani.

Halafu tuulizane: kule Louisiana mwaka 1975, mwanamke wa miaka 46 mwenye kodiani angepewa jukwaa? Kumbi za dansi zilikuwa na pombe na ngumi. Mwanamke mwenye heshima zake aliimba nyumbani, akiwa anaosha vyombo au analaza mtoto. Wakajuni wanaita ngoma *fais do-do*, maana yake "lala mtoto lala", kwa sababu ukumbi ulikuwa na chumba cha kulazia watoto ili mama arudi kucheza. Mama alirudi kucheza. Kupiga walipiga wanaume.

Walikuwepo waliovunja. Sahani ya kwanza kabisa ya muziki wa Cajun ilirekodiwa New Orleans Aprili 27, 1928, na Joe Falcon kwenye kodiani na Cléoma Breaux kwenye gitaa. Yaani mwanamke alikuwepo tangu sahani ya kwanza. Cléoma akaja kuwa mke wa Joe, akaimba na kurekodi nyingi, akafa mwaka 1941 hajafika miaka 35. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alikuwa Bombay akirekodi sahani zake za Kiswahili. Wanawake wawili ambao hawakujuana, bahari mbili tofauti, wote mbele ya mashine ile ile ya nta. Kila nikikumbuka hilo nasisimka mwili.

Lakini Cléoma alishika gitaa, na bendi ilihesabika ya mume. Ida ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza bendi ya zydeco akiwa yeye mwenyewe ndiye kodiani. Kwenye muziki huu mwenye kodiani ndiye anayeamua wimbo gani, mwendo gani, uishe lini. Ndiyo maana watu walikuwa wanaigombania.

Mkongwe_wa_Sahani (Dar)

Marahaba binti. Hoja ya sakafu umenishika. Nitairudia *On Tour* leo usiku, na safari hii nitasimama. Lakini Chenier simshushi.

BintiKodiani (Tanga)

Usimshushe mzee wangu, hata mimi simshushi.

Mwanakwetu_Iringa

Baada ya Grammy bendi iliendaje? Wale ndugu walibaki?

BintiKodiani (Tanga)

Al aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenda kuongoza bendi yake mwenyewe. Kwa bendi nyingi hapo ndipo mwisho, maana alikuwa mtunzi na mpangaji. Ida akaendelea, na baadaye mwanawe Myrick, anayejulikana kwa jina la Freeze, akaingia akipiga kodiani pia. Kodiani kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa mjukuu, vizazi vitatu.

Novemba 1985 walipiga kwenye *Saturday Night Live*, kipindi cha televisheni kinachotazamwa Marekani nzima. Mama wa miaka 56, kodiani kifuani, Jumamosi usiku. Mwishoni mwa miaka hiyo walikwenda Japani, kisha Afrika kwa safari iliyodhaminiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Akaandika na kitabu cha mapishi ya Kikrioli, kikatoka 1990, jambo ambalo halinishangazi kwa mtu wa la-la, maana chungu na kodiani vilikuwa shughuli moja. Mwaka 2009 Marekani ilimpa heshima ya kitaifa ya wasanii wa jadi. Alikuwa na miaka 80.

Na waliomfuata wapo. Sheryl Cormier aliongoza bendi ya Cajun ya wanawake watupu miaka ya 1980. Magnolia Sisters, akina Ann Savoy na Jane Vidrine, walienda kuchimba nyimbo zile za jikoni za akina mama na kuzipandisha jukwaani. Rosie Ledet alitoa sahani yake ya kwanza ya zydeco mwaka 1994, kodiani mkononi. Bonsoir, Catin imeanzishwa na wanawake wa kizazi cha juzi juzi, akina Kristi Guillory na Christine Balfa. Guillory huyo msimchanganye na Ida, ni jina la kawaida sana kule.

MamaWatatu (Mwanza)

Jamani mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Naendesha basi la shule. Saa kumi na moja kasoro niko kwenye usukani, mtoto wa kwanza anapanda kukiwa bado giza. Narudi saa tatu, nalala kidogo au nafua, saa nane natoka tena. Zile saa za katikati, kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana, ni saa ambazo hakuna anayekuita. Nyumba ina kimya chake. Niliposoma kwamba huyu mama alikuwa na kazi kama yangu nikajua kabisa kodiani alikuwa anaipiga saa ngapi, hata bila kuambiwa.

Marehemu baba alikuwa mpiga kodiani wa kwaya. Iko juu ya kabati kwenye boksi lake, tangu 2011 haijafunguliwa. Nina miaka 47. Dada BintiKodiani, nianzie wapi?

KibeMwomboko (Murang'a)

Mama, shusha hiyo boksi.

BintiKodiani (Tanga)

MamaWatatu, nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Shusha boksi, lakini usiivute kwa nguvu siku ya kwanza. Imekaa miaka mingi, ngozi ya mikanda itakuwa imekauka na mvukuto unaweza kuwa umeshikana kwenye mikunjo. Fungua taratibu ukibonyeza kile kitufe cha hewa cha kidole gumba, bila kugusa noti. Sikiliza kama hewa inavuja. Kisha bonyeza kibao kimoja kimoja, juu hadi chini, uandike kwenye daftari kipi kinalia, kipi kinakwaruza, kipi kiko kimya. Ndani kuna ndimi ndogo za chuma, na hapo Mwanza kuna ziwa, unyevu utakuwa umeshaingia. Baadhi zitakuwa na kutu. Fundi wa vinanda vya makanisa atazisafisha. Usikubali mtu azipige msasa.

Wiki ya kwanza usitafute wimbo. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mkanda wa kushoto uubane kuliko wa kulia, kodiani ikae kwenye paja la kushoto. Shika noti moja, vuta ukihesabu mpaka nane, sukuma ukihesabu mpaka nane, mpaka sauti isitetemeke pale unapogeuza. Bega litauma. Mimi liliniuma mwezi mzima.

Noti ikitulia, andika hapa. Nitakupa walzi ya mikono miwili yenye noti tano tu, na PapaFikiri atatuambia kama Wakrioli wa Houston wanaweza kuicheza.

PapaFikiri (Houston)

Wataicheza. Tuma sauti tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna ngoma ukumbini.

MamaWatatu (Mwanza)

Nimeishusha. Ina jina la baba kwa ndani ya mfuniko, kwa mwandiko wake. Vibao vinne viko kimya, vingine vyote vinalia. Saa nane kasoro sasa, naenda kuchukua watoto.